Nyaraka za Django kwa mchangiaji mpya: tathmini kutoka Mtwara

Django ni programu huria ya kujengea tovuti na mifumo ya mtandaoni kwa lugha ya Python. Ilianzia katika gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005, na tangu mwaka 2008 inasimamiwa na taasisi isiyo ya kibiashara iitwayo Django Software Foundation. Kwa vijana ninaosoma nao hapa Mtwara mjini, Django ni chombo cha kazi za kila siku. Wapo waliokwisha kuitumia kujenga mfumo mdogo wa kuandika kilo za korosho zinazopokelewa kwenye ghala la chama cha msingi, na kazi hiyo ikawatosha kuamini kwamba wanaweza kufanya zaidi. Hapa sitathmini chombo hicho, ambacho sifa zake zimekwisha kuandikwa mara nyingi. Ninatathmini sehemu ya nyaraka zake inayomhusu mtu anayetaka kuacha kuwa mtumiaji tu na kuanza kuchangia: mwongozo wa kuandika mchango wa kwanza, kurasa za ushauri kwa wachangiaji wapya, na kanuni za uandishi wa nyaraka zenyewe.

Sehemu hii inastahili kupimwa kwa uzito wake kwa sababu leseni ya programu huria humruhusu kila mtu kuusoma msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, na kuubadilisha, lakini haimwambii aanzie wapi, amwulize nani, wala atajuaje kwamba alichokifanya ni sahihi. Maswali hayo hujibiwa na watu au hujibiwa na nyaraka. Mkutano wa DjangoCon Africa, unaowakutanisha watumiaji wa Django barani, ulifanyika Zanzibar mwezi Novemba 2023, na mwingine ukafanyika Arusha mwezi Agosti 2025, jambo ambalo ni heshima kubwa kwa nchi yetu. Hata hivyo, kwa kijana aliyeko Newala, Liwale au Nachingwea, nauli na siku za safari peke yake zinatosha kumzuia asifike. Kwake yeye, mwenyeji pekee wa mradi ni ukurasa anaousoma, na ukurasa huo usipompokea, hakuna mtu wa pili wa kumpokea.

Mwongozo wa mchango wa kwanza unaanza kwa kueleza umeandikiwa nani. Unasema wazi kwamba msomaji awe anaielewa Django kwa kiasi cha msingi na awe anaijua Python vizuri, na kwamba ambaye bado hajafika hapo atangulize mafunzo ya kwanza, yale yanayomwongoza mtu kujenga programu ya kura za maoni. Asiyewahi kutumia mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo anahakikishiwa kwamba atapewa maelezo ya kutosha kuanzia. Maelezo haya ni mafupi, lakini faida yake niliiona kwa vijana: aliyekuwa na upungufu aliujua mapema na akajua pa kuuziba, badala ya kukwama katikati na kudhani kwamba akili yake ndiyo haitoshi.

Kinachofuata ndicho kinachoupa mwongozo huu thamani yake kubwa. Kila kazi katika mradi huandikwa kama tiketi, yaani taarifa ya kosa au ombi la badiliko, na waandishi wamebuni tiketi ya mazoezi yenye namba 99999, inayoomba Django iongezewe kitendakazi (kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja) kiitwacho make_toast, ambacho kazi yake pekee ni kurudisha neno moja. Mchangiaji anajitengenezea nakala ya ghala la msimbo kwenye akaunti yake ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, anaishusha kwenye kompyuta, anaandaa mazingira pepe (nafasi ya Python iliyotengwa kwa mradi mmoja), kisha anaendesha majaribio yote ya Django, yaani msimbo unaokagua kama programu inafanya kazi inavyotakiwa, kabla hajagusa chochote. Baada ya hapo anafungua tawi lake, yaani mkondo wa pembeni wa mabadiliko, na kuandika jaribio linaloshindwa, anaandika kitendakazi kinacholifanya jaribio hilo lipite, anaendesha majaribio yote upya, anaongeza maelezo kwenye nyaraka na kwenye taarifa ya toleo jipya, na mwisho anahifadhi mabadiliko yake kwa ujumbe ulioandikwa kwa mtindo ambao mradi unaupokea. Mchonga vinyago hampi mwanafunzi wake gogo la mpingo siku ya kwanza, na waandishi hawa wamelielewa jambo hilo: kazi ni ndogo kiasi kwamba haiwezi kumshinda mtu, lakini hatua zake ni zilezile za mchango wa kweli, hata zile ambazo wengi wangependa kuziruka, yaani majaribio na nyaraka.

Mpangilio huo una hekima ambayo miongozo mingi haina. Mtu mpya haogopi tu kwamba hataweza kuandika msimbo. Anaogopa kuaibika mbele ya wageni kwa kukosea utaratibu asioujua, kama vile kuupa ujumbe wake umbo lisilotakiwa au kutuma mabadiliko bila jaribio. Tiketi ya kubuni humwezesha kupitia utaratibu mzima akiwa peke yake, na mwongozo unamwonyesha hata mahali pa kubonyeza ili kutuma mabadiliko, kisha unamwomba asiibonyeze hatua ya mwisho kwa kuwa hili ni zoezi. Nilipowapitisha vijana katika zoezi hili, waliokuwa kimya kwa kawaida ndio waliokuwa wa kwanza kuuliza maswali ya maana, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitu halisi mbele yake cha kukiulizia.

Mfano wa pili wa ukarimu uko katika kisanduku kidogo ambacho msomaji mwenye intaneti ya kasi anaweza kukipita bila kukiona. Mahali panapoeleza namna ya kushusha msimbo, mwongozo unamgeukia mwenye intaneti hafifu na kumwambia kwamba akiongeza maneno --depth 1 kwenye amri, hatashusha historia yote ya mabadiliko, na mzigo wa data utapungua kutoka takribani MB 250 hadi takribani MB 70. Vijana wetu hushusha vitu kwa bando la simu, na wengine hugawana simu moja yenye intaneti kwa kompyuta tatu. Kwao, sentensi hiyo moja huamua iwapo zoezi litafanyika leo au litasubiri hela ya bando lingine. Aliyeiandika hakuwa lazima aijue Mtwara. Alikumbuka tu kwamba wapo wasomaji ambao data ni gharama kwao, akawapa amri kamili pamoja na kiasi watakachookoa ili waamue wenyewe. Ningependa kila mradi wa programu huria uwe na kisanduku kama hicho, nao hauhitaji zaidi ya mtu mmoja kupima na kuandika.

Katika mkondo huohuo, majaribio ya Django yamepangwa yaendeshwe kwa SQLite, hifadhidata ndogo inayokuja na Python, bila mchangiaji kusakinisha hifadhidata nyingine, na mwongozo unaonyesha namna ya kuendesha majaribio ya sehemu moja tu unayoifanyia kazi kabla ya kuendesha yote. Kwa kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika, ambazo betri zake hazidumu pale umeme unapokatika, tofauti kati ya kuendesha kundi dogo la majaribio na kuendesha maelfu yake ni kubwa. Mwongozo pia unaeleza alama zinazojitokeza wakati majaribio yanaendelea: nukta ni jaribio lililopita, F ni lililoshindwa, E ni lililokutana na hitilafu, s ni lililorukwa, na x ni lile ambalo kushindwa kwake kulitarajiwa. Unafafanua kwamba majaribio hurukwa mara nyingi kwa kukosekana maktaba fulani za nje, na hivyo mtu anayeona herufi s nyingi kwenye kioo chake haanzi kutafuta kosa lisilokuwepo. Amri zimeandikwa kwa watumiaji wa Windows pia, kando ya zile za Linux na Mac, jambo lenye uzito hapa kwetu ambako karibu kila kompyuta niliyoikuta mikononi mwa kijana ilikuwa na Windows.

Ukitaka kujua kwa nini kurasa hizi zinasomeka bila kumdhalilisha msomaji, soma kanuni ambazo waandishi wake wenyewe wanazifuata. Kanuni za uandishi wa nyaraka za Django zinamtaka mwandishi aepuke maneno yanayopunguza ugumu wa kazi, yale ya kusema kwamba jambo hufanyika kirahisi au kwamba unachotakiwa ni kufanya hivi tu, na zinatoa sababu: uzoefu wa msomaji unaweza usilingane na matarajio ya mwandishi, na msomaji hukata tamaa anapoona hatua iliyoitwa rahisi inamshinda. Nilisimama hapo muda mrefu. Nimefundisha kompyuta kwa miaka, na ninafahamu jinsi neno la kurahisisha linavyomfunga mdomo mwanafunzi, maana akiuliza juu ya jambo lililokwisha kuitwa rahisi atakuwa anatangaza kwamba yeye ni mzito. Kwamba mradi wenye umri wa miaka 20 umeliweka jambo hili katika kanuni, badala ya kuliachia hulka njema ya kila mwandishi, ni dalili kwamba mapokezi ya wageni yamefikiriwa kwa makini.

Ukurasa wa ushauri kwa wachangiaji wapya nao una ukweli unaosaidia. Unamwambia mtu achague eneo analolijali au analotaka kujifunza, aanze na kidogo, asome historia ya tiketi kabla ya kuigusa, na awe na subira kwa sababu mapitio ya kazi yake yanaweza kuchelewa na kuchelewa huko hakumlengi yeye binafsi. Kuna swali linaloulizwa kwa niaba ya mchangiaji, kama anaweza kuithibitisha mwenyewe tiketi yake kuwa tayari kuingizwa, na jibu ni kwamba hapana, kwa kuwa daima ni bora kazi ionwe na macho mengine. Nililipenda jibu hilo kwa sababu utaratibu uleule unafungua nafasi nyingine: mapitio hayo yanaweza kufanywa na mwanajumuiya yeyote ambaye hakuiandika kazi yenyewe. Kijana wa Masasi anayesoma vizuri msimbo wa wenzake anaweza kuwa msaada kwa mradi kabla hajaandika hata mstari mmoja wake, na ningetamani jambo hili liandikwe mapema zaidi katika mwongozo kwa sababu wengi hawalitambui.

Zipo kasoro, na ya kwanza iko mahali pasipostahili kuwa na kasoro. Kabla ya kuendesha majaribio, mchangiaji husakinisha orodha ya vifurushi vya Python, na baadhi yake hutegemea vitu vingine vilivyomo au visivyomo kwenye kompyuta. Hapo mwongozo unasema kwamba hitilafu ikitokea, huenda mfumo wako umekosa kitegemezi fulani, na unakushauri usome nyaraka za kifurushi kilichoshindwa au utafute ujumbe wa hitilafu mtandaoni. Ushauri huo ni sahihi, lakini haulingani na uangalifu wa kurasa nyingine. Hii ndiyo hatua ambayo mtu mpya ana uwezekano mkubwa wa kukwama, na ndiyo hatua anayoelekezwa aondoke kwenye mwongozo na kwenda kutafuta kwingine, akitumia bando alilolihifadhi. Orodha fupi ya hitilafu zinazotokea mara nyingi kwenye Windows, pamoja na tiba zake, ingewaokoa watu wengi. Kwa kuwa vifurushi hivyo havihitajiki vyote kwa ajili ya zoezi la make_toast, ingefaa pia mwongozo utaje vile ambavyo mtu anaweza kuviacha kwa sasa akaendelea.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo inatokea pale mwongozo unapoisha. Baada ya kumshika mkono mchangiaji hatua kwa hatua, sura ya mwisho inampongeza, inampa viungo vya kurasa nyingine, na kumwelekeza kwenye orodha ya tiketi zilizotiwa alama kuwa ni nyepesi na zinazofaa kwa wanaoanza. Mtu anafungua orodha hiyo akiwa na ari, lakini mara nyingi huwa fupi, na nyingi kati ya tiketi zilizomo huwa zimekwisha kuchukuliwa au zina mjadala mrefu ambao yeye hana historia yake. Umbali kati ya tiketi ya kubuni, ambayo kila jibu lake limo kwenye ukurasa, na tiketi ya kweli, ambayo jibu lake huenda halijulikani na mtu yeyote, ni mkubwa mno kuvukwa kwa aya mbili. Hapa palihitajika mwongozo wa pili wenye subira ileile, unaochukua tiketi moja ya zamani iliyokwisha kufungwa na kuonyesha jinsi mchangiaji alivyoisoma, alivyolizalisha tatizo upya kwenye kompyuta yake, alivyoulizwa maswali na wapitiaji, na alivyobadilisha kazi yake hadi ikakubaliwa. Upo mpango unaojitegemea uitwao Djangonaut Space, unaowaweka watu wapya katika vikundi vidogo pamoja na waelekezi kwa muda wa wiki 8, nao ninausifu. Lakini nafasi zake huombwa na kuchaguliwa, na hivyo hauwezi kuziba pengo la kila msomaji.

Utaratibu wa kuchukua tiketi nao unahitaji kusomwa kwa makini na watu wa mazingira yetu. Nyaraka zinasema kwamba aliyechukua tiketi ana wajibu wa kuishughulikia kwa wakati unaofaa, na kwamba ikipita wiki moja au mbili bila dalili ya maendeleo, mwingine anaweza kuomba aachiwe. Ninauelewa msingi wa kanuni hiyo, maana tiketi iliyoshikiliwa na mtu asiyefanya kazi huwazuia wengine. Hata hivyo, kijana ambaye kuanzia Oktoba anashinda ghalani kwa sababu minada ya korosho imeanza hawezi kulinganishwa na mtu aliyekaa karibu na kompyuta siku nzima. Sentensi moja ya kumwambia kwamba anaweza kuacha maelezo mafupi kwenye tiketi akitaja lini atarudi ingemwondolea hofu ya kuonekana mzembe, na isingeudhuru mradi.

Lugha ni suala ambalo siwezi kulipita. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za Django yenyewe, kwa hiyo mfumo unaojengwa kwa Django unaweza kumwonyesha mtumiaji ujumbe wa Kiswahili, na tafsiri hizo huratibiwa kupitia Transifex, tovuti ya kazi za tafsiri, na kufanywa na watumiaji wenyewe. Nyaraka zinapatikana kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kifaransa, Kijapani na Kiindonesia, lakini kwa Kiswahili hazipo. Sitarajii watu wa mbali watutafsirie. Kazi hiyo ni yetu. Ninachoona kinakosekana ni mwongozo wa mchango wa kwanza kumtaja mtafsiri pamoja na mwandishi wa msimbo tangu mwanzo, kwa sababu sasa habari za tafsiri zimewekwa ukurasa mwingine ambao mtu asiyezitafuta hatazifikia, ilhali kwa kijana mwenye Kiswahili safi na Kiingereza cha kidato cha nne hiyo ingekuwa njia fupi zaidi ya kutoa mchango wenye thamani.

Kwa kulinganisha, nimeona maghala ya msimbo ya miradi mingine, mengine yakiwa ya hapa nchini, ambayo ukurasa wa wachangiaji una sentensi moja inayosema kwamba michango yote inakaribishwa, bila kueleza jinsi ya kuendesha majaribio wala nani atasoma utakachotuma. Django imefanya kazi ngumu ambayo wengine wameiacha, na imeweza kuifanya kwa sababu, pamoja na wanaojitolea, inawalipa watu wachache wa kupanga tiketi na kupitia kazi za wachangiaji. Miradi midogo haina fedha hizo. Inayo, hata hivyo, nafasi ya kuandika amri tano zinazofanya kazi, kutaja ukubwa wa kinachoshushwa, na kubuni zoezi moja lisilomtisha mtu, na kwa mtu wa kwanza atakayefika, hayo yatakuwa na faida kuliko ukurasa mrefu wa kanuni.

Kwa jumla ningezipa nyaraka hizi nyota nne kati ya tano: nyota iliyokosekana ni ya pale mwongozo unapoishia na pale usakinishaji unaposhindikana. Anayetaka kuzitumia kutoka huku Kusini azishushe kwanza zote kwa pamoja akiwa mahali penye intaneti nzuri, kwani tovuti inazitoa kama kurasa za HTML, PDF au ePub za kusomwa bila mtandao, na nakala moja kwenye flashi inatosha kikundi kizima. Afanye mafunzo ya kura za maoni hadi mwisho kabla ya kugusa make_toast, na ashushe msimbo kwa --depth 1. Akimaliza zoezi, asikimbilie orodha ya tiketi nyepesi. Asome nyaraka zenyewe kwa jicho la mgeni, kwa kuwa yeye bado anaona mahali panapotatiza ambapo wenyeji wamekwisha kupazoea. Kosa dogo la tahajia au la uchapaji linaweza kusahihishwa na kutumwa bila kufungua tiketi, na sahihisho la namna hiyo hupitia njia ileile aliyokwisha kuifanyia mazoezi, safari hii akiruhusiwa kubonyeza hatua ya mwisho.